Vijana wa Karagwe na Kyerwa hawakukosa akili, wamekosa kudurusu

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, mazungumzo yetu misikitini na vibarazani huwa ni yale yale. Tunahesabu waliofaulu, tunahesabu majina ya Kiislamu, kisha tunaanza kulaumu. Wapo wanaoilaumu serikali, wapo wanaoulaumu mfumo, wapo wanaowalaumu walimu na wapo wanaowalaumu vijana wenyewe kwamba ni wavivu na wamepumbazwa na simu. Baada ya wiki mbili mjadala huisha, na mwaka unaofuata tunauanza upya.

Sisemi kwamba malalamiko hayo hayana msingi. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalionesha watahiniwa wapatao asilimia 60 wamepata sifuri. Taifa zima lilishtuka, Waziri Mkuu akaunda tume na matokeo yakapangwa upya. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema kwamba vijana sita katika kila kumi walizaliwa wajinga mwaka mmoja. Palikuwa na tatizo, na sehemu kubwa ya tatizo hilo bado ipo.

Hata hivyo, katika makala haya nakusudia kuzungumzia jambo moja ambalo halisubiri tume wala bajeti. Nalo ni namna vijana wetu wanavyosoma. Nimefundisha katika sekondari za kata za wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, na jioni nimesomesha watoto madrasa. Nimeona jambo la ajabu: kijana yule yule anayehifadhi Juzuu Amma na kuisoma kwa ghibu bila kukosea, hakumbuki somo la baiolojia alilofundishwa wiki mbili nyuma. Akili ni moja na kichwa ni kimoja. Kilichotofautiana ni njia.

Wilaya mbili, mzigo mmoja

Kwa msomaji wa Dar es Salaam, Tanga au Mwanza, ni vyema nieleze kwanza mazingira yenyewe. Karagwe na Kyerwa zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, Kyerwa ilipomegwa na kuwa wilaya kamili. Sensa ya mwaka huo ilihesabu zaidi ya watu 300,000 katika kila moja. Ni nchi ya milima, migomba, maharage na kahawa. Kyerwa imepakana na Rwanda na Uganda, na mto Kagera ndio mpaka. Waislamu huko ni wachache, lakini Uislamu si mgeni: karne ya 19 wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na makao ya mfalme wa Karagwe, na Stanley aliwakuta hapo mwaka 1876.

Sekondari nyingi za wilaya hizi ni matunda ya mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004, uliotaka kila kata iwe na shule yake. Kuanzia Januari 2016 ada ya shilingi 20,000 kwa shule za kutwa na 70,000 kwa shule za bweni ikaondolewa hadi kidato cha nne. Hatua zote mbili zilikuwa njema. Watoto wa mkulima wa kawaida, ambao baba zao waliishia darasa la saba, wakaingia sekondari. Lakini madarasa yakajaa, na walimu wa sayansi na hisabati hawakuongezeka kwa kasi hiyo.

Mtoto huyu nyumbani anazungumza Kinyambo. Shule ya msingi amesoma kwa Kiswahili. Anapoingia kidato cha kwanza, masomo yake karibu yote yanafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Asubuhi ametembea kilomita kadhaa kupanda na kushuka vilima. Katikati ya mwaka ni msimu wa kahawa, naye anahitajika shambani. Kuna na familia ambazo zimeshauza kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa, biashara ambayo huko inaitwa butura, kwa hiyo msimu ukifika hakuna fedha ya daftari wala ya viatu.

Huyu ndiye tunayemwita mvivu.

Darasani kunafanyika nini?

Mara nyingi katika shule hizi vitabu havitoshi. Mwalimu anaandika ubaoni, wanafunzi wananakili. Kipindi kinakwisha, anakuja mwalimu mwingine, naye anaandika, nao wananakili. Somo la Januari likishanakiliwa limekwisha, halitaguswa tena mpaka mtihani wa muhula. Ukikaribia mtihani, mwanafunzi anafungua daftari na kulisoma kuanzia mwanzo hadi mwisho, mara mbili au tatu, pengine usiku kucha. Anapolisoma mara ya tatu maneno yote anayajua kwa sura, hivyo anajiambia moyoni kwamba sasa ameelewa. Anaingia katika chumba cha mtihani, daftari halipo, na maneno yote yamekimbia.

Kuna tofauti kubwa kati ya kulitambua jambo ukilitazama na kulikumbuka ukiwa huna cha kutazama. Sura ya jirani unaitambua kila siku, lakini ukiambiwa uichore hujui uanzie wapi. Mtihani haumuulizi mwanafunzi kama anaitambua daftari yake. Unamtaka aichore.

Wataalamu wamegundua nini?

Mwaka 1885 mtaalamu wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana, kisha akajipima baada ya dakika, saa na siku. Aligundua kwamba sehemu kubwa ya mtu alichojifunza hupotea mapema sana, ndani ya siku ya kwanza, na baada ya hapo upotevu hupungua kasi. Aligundua pia mambo mawili ya kutia moyo. La kwanza, kurudia kulikogawanywa katika siku kadhaa kunashinda kurudia kwingi kwa siku moja. La pili, kilichosahaulika hakikufutika chote: ukijifunza tena, unatumia muda mfupi kuliko mara ya kwanza.

Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha majaribio ambayo kila mwalimu anapaswa kuyajua. Waliwapa wanafunzi wa chuo maelezo ya kusoma. Kundi moja liliyasoma mara nne. Kundi jingine liliyasoma mara moja tu, kisha mara tatu likafunga maandishi na kuandika kila lililokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara nne waliongoza: walikumbuka asilimia 83, wenzao 71. Lakini walipopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 40, na wale waliojipima walikumbuka asilimia 61. Na ajabu ni kwamba waliosoma mara nne ndio waliokuwa na matumaini zaidi kwamba watakumbuka.

Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walipitia tafiti nyingi kuhusu njia kumi za kujisomea. Njia mbili ndizo zilizopewa daraja la juu kabisa: kujipima, na kurudia somo kwa kuachanisha siku. Kusoma tena na tena maandishi yale yale, na kupiga mistari chini ya maneno, vilipewa daraja la chini. Hizo mbili za mwisho ndizo wanazozijua vijana wetu.

Haya tulikuwa nayo

Msomaji aliyepita madrasa atakuwa ameshatabasamu. Kwani ustadh alitufundishaje Qur'an? Alitupa aya chache, si sura nzima. Kesho yake hakutuuliza kama tumezisoma. Alituambia tufunge msahafu tumsomee kwa ghibu. Tulipokwama hakutusomea aya yote, alitutajia neno moja tukaendelea wenyewe. Kabla ya kupewa somo jipya tulisomeshwa la jana, na kila baada ya siku kadhaa tulirudishwa nyuma kwenye sura tulizodhani tumeshamalizana nazo. Hiyo ndiyo kudurusu. Kujipima kumo na kuachanisha siku kumo, bila maabara wala takwimu.

Asili ya jambo hili si ustadh wa mtaani kwetu. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Jibril (as) alikuwa akidurusu Qur'an pamoja na Mtume (saw) kila mwaka katika Ramadhani, na mwaka aliofariki walidurusu mara mbili. Ikiwa Mtume (saw), ambaye Allah (sw) amemhifadhia Qur'an kifuani, alikuwa na utaratibu wa kurudia, vipi mtoto wa kidato cha pili afundishwe mara moja tu? Mtume (saw) akamfananisha mwenye kuhifadhi Qur'an na mwenye ngamia waliofungwa kamba: akiwaangalia wanabaki, akiwaacha wanakwenda zao. Elimu yote iko hivyo.

Wanazuoni waliokuja baadaye waliliweka jambo hili katika mafunzo. Burhanuddin Zarnuji, miaka takriban 800 iliyopita, aliandika kitabu kidogo cha kumuelekeza mwanafunzi njia ya kujifunza. Humo anamshauri mwanafunzi arudie somo la jana mara tano, la juzi mara nne, la siku ya nyuma yake mara tatu, kisha mbili, kisha moja. Angalieni hesabu hiyo: somo lililo jipya, ambalo ndilo lililo hatarini kupotea, linarudiwa zaidi, na la zamani linarudiwa kidogo lakini haliachwi. Ebbinghaus alipochora upotevu wa kumbukumbu mwaka 1885, dawa yake ilikuwa imeshaandikwa karne nyingi kabla.

Sisemi haya ili tujisifu kwamba kila kitu cha Wazungu kilitoka kwetu. Kujisifu hakufaulishi mtoto. Nasema kwa sababu mzazi wa Kiislamu aliyeko Nkwenda au Kayanga, ambaye hakusoma sekondari na hajui Kiingereza, anaweza kudhani hana la kumsaidia mwanawe. Kumbe analo, na alilipata akiwa mtoto chuoni.

Je, huku si kukariri?

Najua pingamizi litakalotolewa. Wapo watakaosema kwamba ugonjwa wa shule zetu ni huo huo wa kukariri, nami nautafutia dawa katika kukariri zaidi. Pingamizi hili lina uzito na linastahili jibu.

Kukariri kunakolaumiwa ni kumeza maneno bila maana. Mwanafunzi anakutajia kwa Kiingereza safi maana ya osmosisi kama ilivyoandikwa ubaoni. Muulize kwa nini kachumbari ukiitia chumvi mapema inatoa maji, atakutazama. Hajui kwamba ameulizwa jambo lile lile. Huyo hajajifunza osmosisi, amejifunza sentensi.

Ninachokizungumzia ni kumtaka mwanafunzi afunge daftari na kueleza. Eleza kwa maneno yako. Toa mfano wa nyumbani kwenu. Kwa nini jibu ni hili na si lile? Swali la aina hiyo humfichulia mwalimu yupi ameelewa na yupi amemeza. Zarnuji huyo huyo anayesisitiza kurudia, anasisitiza vile vile majadiliano baina ya wanafunzi, na anayapa uzito kuliko kurudia kwa muda mrefu peke yako. Kwa hiyo hakuna ugomvi baina ya kukumbuka na kuelewa. Mtu hawezi kulifikiria jambo ambalo halimo kichwani mwake.

Na tuseme ukweli: baadhi ya madrasa zetu nazo zimeishia kwenye kumeza. Mtoto anahitimisha juzuu hajui hata maana ya sura anazosalia. Tunachopaswa kuchukua kutoka madrasa ni utaratibu wa kudurusu, tukauongezea maelezo, huko na huku.

Lugha na mzigo wa akili

Jambo la pili ambalo wataalamu wanakubaliana ni kwamba sehemu ya akili inayoshika mambo mapya kwa muda ni ndogo sana. Nelson Cowan, katika uchambuzi wake wa mwaka 2001, aliona kwamba inashika takriban mambo manne kwa wakati mmoja. Ukiongeza la tano, moja linaanguka.

Sasa mfikirieni mtoto wa kidato cha kwanza. Mwalimu wa fizikia anazungumza Kiingereza. Mtoto anatafsiri neno la kwanza, wakati akitafsiri la pili mwalimu yuko kwenye la sita. Nafasi zote nne zimejazwa na lugha, fizikia haina pa kukaa. Mwaka 1984 wataalamu wa Uingereza, Criper na Dodd, waliotumwa kuchunguza hali ya Kiingereza mashuleni kwetu, walieleza kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kuwawezesha kujifunza masomo mengine. Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameandika kwa miaka mingi kwamba lugha isiyoeleweka haiwezi kuwa lugha ya kujifunzia.

Mjadala wa sera una wenyewe, na mtoto aliyeko darasani leo hawezi kuusubiri uishe. Mwalimu anaweza kueleza wazo kwanza kwa Kiswahili mpaka lieleweke, kisha akatoa maneno matano ya Kiingereza ya somo hilo na si thelathini, kisha mwanafunzi akaandika jibu kwa Kiingereza kwa sababu ndicho atakachotahiniwa. Wazo kwanza, maneno baadaye. Aidha, katika hisabati, mwanafunzi mchanga apewe hesabu mbili tatu zilizofanywa hatua kwa hatua azisome na kuzieleza kabla ya kutupiwa kumi za kufanya peke yake. Hili limethibitishwa na tafiti za John Sweller na wenzake tangu miaka ya 1980.

Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis aliyeandika Muqaddima yake mwaka 1377, alilisema hili kwa namna yake: elimu itolewe kidogo kidogo, kwa mizunguko mitatu. Mzunguko wa kwanza kwa ujumla, wa pili kwa ufafanuzi, wa tatu kwa yale magumu. Na akaonya kwamba mwanafunzi akibebeshwa asichokiweza mwanzoni, atachoka, na atadhani elimu yenyewe ndiyo ngumu.

Fimbo, tumbo na mlango wa kurudi

Lipo jambo jingine ambalo ni lazima tulizungumze kwa uwazi, nalo ni hofu. Mwezi Agosti 2018, mwanafunzi wa darasa la tano katika shule ya msingi mjini Bukoba, mkoa wetu huu huu wa Kagera, alifariki baada ya kupigwa na mwalimu. Nchi nzima ilisikitika. Lakini fimbo ndogo za kila siku hazitangazwi magazetini. Mwanafunzi anayejua kwamba akikosea atachapwa, hatajaribu kujibu. Na asiyejaribu hajifunzi, kwa sababu faida ya kujipima iko katika kujaribu, kukosea na kusahihishwa hapo hapo. Mwalimu anayeuliza maswali akiwa na fimbo mkononi amechukua dawa na kuitia sumu.

Ibn Khaldun ameandika mlango mzima juu ya ukali kwa wanafunzi. Anasema unamfanya mtoto awe mvivu, muongo na mwenye hila, kwa sababu anaishi kwa kuikwepa adhabu. Ninaomba maustadh wa madrasa nao wausome mlango huo.

La pili ni tumbo. Mtoto aliyekula asubuhi kiporo cha ndizi au hakula kabisa, akatembea mwendo mrefu, saa saba mchana hana akili ya kusikiliza hisabati. Shule ambazo wazazi wamekubaliana kuchangia mahindi na maharage kwa ajili ya uji na chakula cha mchana zinawasaidia wanafunzi katika kujifunza, si katika shibe tu. Wilaya hizi zinalima maharage na ndizi kwa wingi. Linalotakiwa ni makubaliano.

La tatu ni watoto waliotoka shuleni. Novemba 2021 serikali iliruhusu waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo wasichana waliojifungua, kurudi katika shule za kawaida. Sisi Waislamu tunalo la kusema juu ya maadili, na tutaendelea kulisema. Lakini msichana aliyekwisha kurudi ana haki ya kusaidiwa asome. Anaporudi baada ya miaka miwili anaona amesahau yote na anataka kuacha tena. Hapo ndipo aambiwe kile alichokigundua Ebbinghaus: kilichosahaulika kinarudi kwa muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Akipata mtu wa kumdurusisha nusu saa kila siku, atawafikia wenzake. Hali kadhalika kijana aliyepoteza mwezi mzima kwenye kahawa.

Tufanye nini?

Sipendi makala yanayomaliza kwa kusema "wahusika wachukue hatua". Wahusika ni sisi. Napendekeza mambo manne.

Kwanza, mwalimu. Dakika kumi za mwanzo za kila kipindi ziwe za maswali matano, daftari zikiwa zimefungwa: mawili ya somo lililopita, mawili ya wiki iliyopita na moja la mwezi uliopita. Wanafunzi wajibu kwa maandishi, wasahihishiane, bila alama wala fimbo. Nimefanya hivi katika darasa lenye msongamano na bila kitabu chochote. Siku za mwanzo wanafunzi walinung'unika. Baada ya wiki chache walianza kuulizana wenyewe njiani kabla hawajafika, kwa sababu walijua maswali yatakuja. Wale waliokaa nyuma kimya wakaanza kunyoosha mikono. Dakika kumi hizo hazipunguzi mada. Zinapunguza kufundisha upya mada zilizosahaulika.

Pili, msikiti. Baina ya Maghrib na Isha tunayo saa moja na kidogo, na misikiti mingi vijijini haina darsa kila siku. Siku mbili katika wiki zitengwe kwa ajili ya kudurusu masomo ya sekondari. Hahitajiki mwalimu wa digrii. Anahitajika mtu mzima wa kusimamia, ubao, chaki, taa ya sola na mitihani iliyopita. Kijana wa kidato cha tatu amuulize wa kidato cha pili, huku jibu likiwa mkononi mwake. Wanafunzi wakate vipande vya karatasi, swali upande mmoja na jibu upande wa pili. Swali wanalolipata wanalirudia baada ya wiki, wanalolikosa wanalirudia kesho. Wasichana wasitembee usiku, wawekewe Jumamosi asubuhi na wasimamiwe na mama au dada mwenye uwezo. Na mtoto wa jirani asiye Muislamu akija asifukuzwe. Kumpatia jirani elimu ni katika wema tulioamrishwa.

Tatu, mzazi. Mzazi asiyejua Kiingereza achukue daftari la mtoto, alifunge, na amwambie: "Nieleze ulichosoma leo, nami nielewe." Mtoto akiweza kumueleza mama yake kwa Kiswahili au Kinyambo kwa nini mgomba unahitaji mwanga wa jua, amejifunza. Akishindwa, mama amemuonesha mahali pa kurudi. Kazi hiyo inataka dakika tano wakati ndizi zinachemka.

Nne, ni wewe msomaji wa mjini. Wengi wenu mna asili ya mikoani, na kila Ramadhani mnatuma fedha za futari, misikiti na visima. Allah awalipe kheri. Lakini mara ngapi tumechangia ujenzi wa jengo, na ni mara chache kiasi gani tumeuliza kinachofanyika ndani yake? Taa mbili za sola, mitihani iliyochapishwa na gunia la unga wa uji ni gharama ndogo kuliko mlango wa jengo. Na haya si ya Karagwe na Kyerwa peke yake. Mtoto wako wa Temeke unayemlipia tuisheni kila mwezi, jioni ya leo mwambie afunge daftari akueleze. Huenda ukagundua kwamba unalipia kunakili.

Hitimisho

Neno la kwanza la wahyi lilikuwa amri ya kusoma. Umma ulioanza kwa amri hiyo haupaswi kuridhika na watoto wanaokaa miaka minne darasani na kutoka na sifuri, kisha ukajifariji kwamba wameonewa. Pale tunapoonewa tudai haki yetu kwa njia zake. Lakini dakika kumi za maswali, saa moja ya Maghrib na dakika tano za mama jikoni havijazuiwa na mtu yeyote.

Haba na haba hujaza kibaba, na mkulima wa Kyerwa anaijua maana yake vizuri zaidi kuliko sisi: mgomba haumwagiliwi maji ya mwaka mzima kwa siku moja. Mwaka wa shule unaanza Januari na mtihani wa taifa ni Novemba. Anayeanza kudurusu Januari atafika Novemba akiwa na mengi, na anayeanza Oktoba atafika na usingizi.

Tumuombe Allah (sw) awafungulie vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa, na atupe sisi wakubwa subira ya kuwarudishia somo la jana kabla ya kuwadai la leo. Wallahu a'alam.